Mistari Miwili kwenye Kipimo cha Baba

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mafua ya mtoto yamepungua? Shemeji naye mgongo haumsumbui tena? Sisi tunaendelea vizuri, ila kuna jambo la Baba. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia.

Unajua Baba anatumia dawa za homa ya ini aina ya C, za wiki kumi na mbili. Kufikia wiki ya nane mashavu yalikuwa yamerudi, na pale saluni anakonyoa aliwatania wateja kwamba ini lake sasa ni jipya kuliko vichwa vyao. Halafu Jumatatu akagoma kumeza. Alimwambia Mama kuna kipimo kimeonyesha ugonjwa bado upo, na yeye si debe la kumiminiwa vidonge. Mama akaniuliza mimi, maana tangu nimalize shule naosha vyombo maabara, ni kipimo gani hicho. Nikasema sijui.

Siku ya tatu nilijikaza nikamuuliza mkuu wa maabara. Alinieleza kwamba mwili wa Baba umepigana na virusi hao miaka mingi, mpaka askari wake wa kinga wamechoka na ini limebaki na makovu. Lakini kingamwili, yaani silaha walizotengeneza, hubaki kwenye damu hata adui akishaondoka. Kipimo cha tone la kidole huona silaha tu. Cha kumtafuta adui mwenyewe ni kingine, na Baba atafanyiwa miezi mitatu baada ya kumaliza dawa.

Dada, kile kipimo nilimpima mimi. Nilikichukua maabara bila ruhusa, nikamchoma Baba kidole jikoni, nikidhani kitaonyesha amepona, afurahi. Ilipotokea mistari miwili, tukajua ndiyo ishara ya ugonjwa, akaniomba nisimwambie Mama nani amempima, nami nikanyamaza.

Nilimwambia mkuu yote. Alinifokea mpaka miwani ikamshuka puani, akanipa barua ya onyo, kisha akampigia daktari wa Baba, aliyesema aendelee na dawa siku ile ile. Nilikimbia saluni. Mbele ya wateja, mimi huyu ambaye darasani hata kuitikia jina nilikuwa naona haya, nilieleza kosa langu na kusema siondoki mpaka ameze. Mteja aliyenyolewa upande mmoja akamsihi Baba ameze, ili yeye asirudi nyumbani na nusu kichwa. Baba akacheka, akameza.

Kama amepona, hakuna ajuaye bado. Kila asubuhi nasimama mbele yake na glasi ya maji. Mama nitamwambia jioni hii, kwa hiyo akikuuliza usinifichie.

Wabusu watoto, na shemeji mpe salamu zangu zote.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba