Mkono wa Kukatia

Jumatatu, 7 Februari

Leo kaja Mke Mdogo. Yaani mjukuu wangu. Tangu azaliwe namwita mke wangu, na bibi yake, Bi Mkubwa, husema nimchukue tu, yeye kashachoka na mimi. Sasa anaolewa na kijana mrefu kama nguzo ya umeme, na mimi mume wa kwanza sikuulizwa hata kidogo. Namwita Mshindani. Akiniamkia shikamoo anajiuma mdomo asicheke. Kijana mzuri. Sitamwambia.

Kaleta kitambaa cha gauni. Cheupe, kizito, kinateleza kama samaki. Shangazi yake Mshindani kakituma kutoka mbali, na duka alikonunua limeshafungwa kwa ajili ya ugonjwa huu wa korona. Maana yake hakuna kingine. Fundi akikosea, bibi harusi anavaa shuka. Na harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo!

Gauni la Bi Mkubwa nilikata mimi. La binti yetu nilikata mimi. Hili nililiahidi siku Mke Mdogo alipoota jino la kwanza na kulijaribu kwenye kidole changu.

Kisha akatoa habari mbaya kwa sauti ya sukari: ukumbini haingii mzee ambaye hajachanja mara ya tatu. Mimi ninazo mbili. Ya pili ilinilaza kitandani, nikaapa basi. Bi Mkubwa alichanja ya tatu mwezi uliopita, na jioni yake alikuwa anafua. Kaniangalia kwa jicho lile. Kasema mumewe kala kwa sindano maisha yake yote, lakini ncha ikimgeukia yeye anatafuta mlango.

Uongo mtupu. (Kweli tupu.)

Jumatano, 9 Februari

Nilikuwa niende kuchanja. Kulikuwa na mawingu.

Alhamisi, 10 Februari

Nimechanjwa!

Bi Mkubwa alinipeleka mwenyewe, kanishika mkono kama mtoto wa chekechea. Nilivaa barakoa niliyoishona kwa mabaki ya pazia letu la sebuleni. Kila aliyewahi kuja kwetu kunitembelea kaniuliza kama dirisha liko salama. Foleni ya wazee watupu, na kila mmoja anajifanya kaja kumsindikiza mwenzake.

Mbele yangu fundi viatu, jirani yangu wa barazani. Wiki nzima katuhubiria kwamba sindano ya tatu inaotesha nywele kwenye upara. Zamu yake ilipofika, akavua kofia kabla hajakaa.

Nesi ni binti mdogo, mpole, vidole vya baridi. Kaniuliza naandikia mkono gani, maana bega litauma, bora achome ule mwingine. Nikasema wa kulia. Na ni kweli, ndio huu unaoandika hapa. Akachoma wa kushoto. Mimi nilikuwa nasoma dari. Nikamwomba achomoe basi, imetosha. Kumbe alishaitupa sindano zamani, alikuwa ananisubiri mimi niondoke.

Tukawekwa kwenye benchi kusubiri kama tutaanguka. Sikuanguka. Fundi viatu alikuwa anapapasa kichwa.

Najisikia kijana. Kesho nakata gauni.

Ijumaa, 11 Februari

Ujana umekwisha.

Homa. Baridi, na jua linawaka. Naumwa mpaka kwenye kucha. Kichwani kahamia mhunzi. Bi Mkubwa ananipa maji, supu, dawa ya maumivu, na maneno. Anasema ni mwili unajifunza vita. Wangu umeanza kwa kumpiga mwenye nyumba.

Jumamosi, 12 Februari

Homa imeondoka alfajiri bila kuaga! Nimekula mkate wote. Nimeoga nikiimba, Bi Mkubwa akaniombea homa irudi.

Nikatandika kitambaa mezani. Nikapima. Nikapiga chaki, mstari mzuri kabisa. Nikashika mkasi — mkono haupandi. Unafika kitovuni, unagoma. Nikiulazimisha, unatetemeka kama umeona nyoka.

Mkono wa kushoto. Mkono wa kukatia!

Hivi ndivyo ilivyo. Shuleni, kalamu ikiwa mkono wa kushoto, fimbo ilikuwa inakuja yenyewe. Nikajifunza kuandikia wa kulia. Halafu shule ikanishinda, au mimi niliishinda, inategemea nani anasimulia. Nikapelekwa kwa fundi cherehani kujifunza kazi. Yule mzee hakujali mkono, alijali mstari. Basi mkono wa kulia ulisoma, wa kushoto ukapata kazi. Hata mkasi wangu uliundwa hivyo, makali yamegeuzwa. Mtu mwingine akiushika hauwezi kukata, unatafuna. Na mimi nikishika mkasi wa watu wengine kwa mkono wa kulia... nimejaribu kwenye gazeti. Mstari umekwenda kama mlevi anayetafuta kwao.

Bi Mkubwa kaniuliza kwa nini sikumwambia nesi.

"Aliuliza naandikia mkono gani," nikamwambia. "Hakuuliza nakatia mkono gani."

Akakaa kwenye kiti changu cha cherehani akacheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Na mimi nikacheka. Bega likauma kwa kucheka, nikacheka zaidi. Mtu mzima ovyo.

Jumapili, 13 Februari

Mke Mdogo kaja kujaribisha gauni. Kakuta kitambaa kizima kama kilivyozaliwa. Nikajifanya natafuta miwani. Ilikuwa usoni.

Fundi viatu ndiye aliyetoboa siri, kutoka barazani, hakuulizwa na mtu. Upara wake uko vilevile, ndiyo maana ana hasira.

Mke Mdogo hakukasirika. Kaligusa bega langu kwa vidole viwili, kama mtu anayepima kama maji yamechemka. Afadhali angenigombeza.

Mama yake, binti yangu, kapiga simu. Kesho mchana, kama kitambaa hakijakatwa, kinachukuliwa. Kinakwenda kwa yule fundi cherehani wa duka la vioo, barabara kubwa. Gauni linataka siku za kushona, harusi haingoji bega la mtu. Kasema pia ni kwa ajili yangu, baba apumzike. Ana haki. Hicho ndicho kinachoniudhi.

Nikamuuliza mwenye gauni anasemaje. Akakunja kona ya kitambaa, akaikunjua.

"Babu, mimi nataka mkono wako. Lakini pia sitaki kwenda harusini uchi."

Nikasema Mshindani asingelalamika. Bi Mkubwa kanipiga kofi la mgongo, upande usiouma.

Walipoondoka nikajaribu tena. Kitovuni. Haupiti. Meza yangu ndefu, niliyoringa nayo mtaa mzima, leo imekuwa mlima.

Fundi wa duka la vioo ni fundi mzuri. Nimeona kazi yake. Lakini hakuumwa kidole na jino lile.

Jumatatu, 14 Februari

Chai ya asubuhi. Nimenuna. Bi Mkubwa anapaka siagi mkate, haniangalii. Akasema kana kwamba anaomba chumvi:

"Kama mkono haupandi, meza ishuke."

Nikabaki na kikombe hewani. Kwa mkono wa kulia, bila shaka.

Tumesukuma viti ukutani. Tumepiga deki sakafu, tukarudia, maana yeye haamini deki yangu. Tumetandika shuka mbili safi, kitambaa juu yake. Ndivyo nilivyokata gauni lake yeye, siku zile hatuna meza, hatuna hata kiti! Nilikuwa nimesahau. Yeye hakusahau, alikuwa ananingoja nikumbuke mwenyewe, kachoka kungoja.

Nikashuka chini kwa hatua: goti, laana, goti la pili. Nikakaa. Mkono ukaning'inia wenyewe, mkasi ukalala kwenye mstari wa chaki, na bega halina habari. Bi Mkubwa kakaa mbele yangu anavuta kitambaa kinyooke. Mstari ukiwa mrefu, anatia kiganja chake chini ya kiwiko changu. Hatusemi kitu. Yaani mimi sisemi. Yeye anasema nisipumue juu ya kitambaa.

Na mkasi ukauma! Krrr — sauti ile ile. Imenyooka. Mgongo wa gauni umekatika. Mikono yote miwili imekatika. Sketi imekatika, ndefu kama mto. Imebaki sehemu ya mbele, ya kifuani, na hapo ndipo fundi anapojulikana. Bi Mkubwa kaniamuru nipumzike kwanza. Ndiyo maana naandika, daftari liko hapa hapa sakafuni, mkono wa kulia usijione hauna kazi.

Mlango unagongwa.

Mke Mdogo. Na sauti ya Mshindani nyuma yake, anauliza ule mfuko mkubwa wa kubebea kitambaa aushike vipi usikunjike. Mchana umefika na sisi hatukuusikia.

Bi Mkubwa kajaribu kuinuka. Magoti yakakataa. Mimi nikajaribu. Nikarudi chini na sauti ambayo sitaiandika. Tukatazamana, wazee wawili sakafuni, gauni la harusi limetuzunguka pande zote, hakuna wa kumwinua mwenzake. Tukaanza kucheka bila kutoa sauti, mpaka kitambaa chenyewe kikawa kinatetemeka.

"Babu? Bibi? Mko salama humo?"

Bi Mkubwa kashika mdomo. Ananong'ona: tujikokote tukafungue, au tukate?

Wanagonga tena. Sasa ni ngumi ya Mshindani, nzito, na kitasa chetu ni cha zamani.

Yeye keshavuta kitambaa kikanyooka. Kiganja chake kiko chini ya kiwiko changu, kinangoja.

Naweka kalamu. Mkono wa kulia, umejitahidi, sasa mpishe mwenzako —