Kosa Lilikuwa Lako, Odhis

Odhis,

Niaje? Najua hutajibu, lakini siwezi kuanza barua yako na "marehemu mpendwa" kama tangazo la mazishi. Ungenicheka mpaka majirani wa Gatina wagonge ukuta. Kwa hivyo niaje, rafiki yangu. Mimi niko poa, na nina habari ambayo sina mtu mwingine wa kumringia nayo. Ploti yetu, ile programu tuliyokuwa tunaandika Jumapili, imewaka. Sisemi kwa ile kompyuta ya kuigiza ndani ya laptopu yangu. Imewaka kwa mashine yenyewe, ile uliyoibeba begani kutoka Soko la Toi ukisema umeiokoa isiende kuyeyushwa.

Na kosa lililokuwa linaizuia lilikuwa lako. Tulia nikueleze, ili uumie vizuri.

Ulipoondoka, chumba chako kilirudi kwa mwenye nyumba na vitu vyako vikahamia kwa Mama yako Kibera. Mashine akaiweka kando ya kabati, akaifunika na kitambaa cha kufuma kama anavyofunika kila kitu. Hukuwahi hata kuijaribu, maana uliinunua na wiki iyo hiyo ukalazwa. Mimi nilikuwa siwezi kupita hapo Toi, nilikuwa nazunguka. Laptopu nilikuwa naiwasha kwa kazi ya cyber tu, lile duka la intaneti ninaloajiriwa pale Satellite. Ploti sikuifungua kabisa.

Halafu Mama akanipigia simu. Anafunga kibanda chake cha nguo za watoto, mwisho wa mwezi anarudi Siaya moja kwa moja. Akaniambia, "Nekesa, kabla niende nataka kuona hiyo kitu mlikuwa mnatengeneza. Jumapili zote hizo mnajifungia! Mimi nilidhani mnapanga harusi." Nilicheka, kisha nikalia, naye akanicheka kwa kulia. Nikamwahidi ataiona. Nilipokata simu ndipo nikagundua nimeahidi kitu ambacho hakijawahi kuwaka kwa mashine ya kweli hata siku moja.

Jumapili nikatoka kanisani nikaenda kwake. Kwanza ilibidi nimweleze Ploti ni nini. Nikasema ni kile kitu cha kwanza kinachoamka ukiwasha kompyuta, kile kinachosimamia vingine vyote, na sisi tuliandika chetu wenyewe kuanzia mstari wa kwanza. Kila programu ina chumba chake, na hakuna kuingia kwa jirani bila kubisha. Akasema kama ni hivyo basi tuko na sheria kushinda ploti ya vyumba vya kupanga aliyokaa yeye. Nikaihamisha Ploti kutoka laptopu hadi kwa mashine, nikawasha. Skrini nyeusi, kisha maneno meupe: Karibu Ploti. Nikapiga makofi peke yangu. Nikamwambia Mama, andika chochote.

Akabonyeza herufi moja. Mashine ikazima, ikawaka upya.

Akabonyeza tena, ikazima tena. "Sasa mbona inanikasirikia?" akauliza. Nikamwambia inamwonea haya mgeni.

Odhis, nilishuku kila kitu. Nilishuku stima ya Kibera. Nilichomoa memori nikaisugua na kifutio kama ulivyonifundisha. Nilibeba kibodi za cyber hadi kwa Mama nikazijaribu zote, na bosi wangu akafikiri nafungua duka. Nilisoma faili zangu mstari kwa mstari nikapata makosa yangu ya aibu, ila hakuna hata moja lililohusika. Na kwenye laptopu kila kitu kilikuwa kinaenda vizuri kabisa, jambo lililonitia wazimu zaidi.

Unajua vile huko chini hakuna wa kukuambia kosa ni gani, mashine inakufa tu na kukuachia kazi ya kuchunguza. Nikafanya ile yetu ya herufi. Kila hatua niliweka herufi moja itokee kwenye skrini, ili ile ya mwisho ionyeshe ilipofia. A ikatokea, B, C. D haikutokea. Na kati ya C na D kulikuwa na kitu kimoja tu, faili lako la kibodi.

Mtu mwenye akili zake angelifungua. Mimi nikasema labda D yenyewe ndiyo mbovu. Nikabadilisha nikaweka nyota. Nilifika mahali pa kushtaki herufi, rafiki yangu.

Ungekuwepo, ningekushtaki kabla hata sijasoma. Si ndivyo tulivyokuwa tunafanya? Kosa likitokea tunaweka kesi, kila mtu anamnyooshea mwenzake kidole, na atakayeshindwa anapika chai na kuungama akimimina. "Wee Nekesa, hii ni yako, washa jiko tu," hata kabla hujajua kumetokea nini. Lakini kule Siaya kwenye mazishi yako kila mtu alisimama akasema vile ulikuwa makini, vile hakuna kazi uliyoigusa ikaharibika. Hata mimi nilishika maikrofoni nikasema hivyo. Sasa nirudi Nairobi nianze kukushtaki, na wewe huwezi kujitetea? Nilikuwa naogopa pia. Hilo ndilo faili la mwisho uliloandika. Mstari wako nikiubadilisha, umeisha, hakuna mwingine unakuja. Nilitaka likae vile ulivyoliacha.

Aliyenitoa hapo ni Mama. Nilimpigia kumwomba radhi kwamba huenda tusiweze, nimeangalia kila kitu. Akauliza, "Na ya Odhis umeangalia?" Nikamwambia ya Odhis iko sawa. Akacheka mpaka akakohoa. "Odhis gani? Huyu wangu? Huyu aliniwekea stima nikiwasha taa ya jikoni redio inazima? Nyathina, mtoto wangu, mimi ndiye nilimzaa. Enda uangalie."

Nikafungua. Nilikuwa cyber, mchana, mteja mbele yangu anangoja picha yake ya pasipoti. Haikuchukua muda. Ulikuwa umetengeneza foleni ya vitufe, na namba ya kuhesabu ni vitufe vingapi viko kwenye foleni, na hiyo namba hukuiandikia sifuri popote. Ulidhani memori huanza ikiwa tupu! Ndani ya laptopu ni kweli, kompyuta ya kuigiza inakukabidhi memori safi. Mashine ya Toi haina adabu hiyo. Inawaka na takataka kila mahali. Kwa hivyo hesabu yako ilianzia kwenye namba kubwa ajabu, kitufe cha kwanza cha Mama kikatumwa kwenda kukaa mahali ambapo hapakuwa pake, na mashine ikakata tamaa. Wewe, Odhis! Wewe uliyehamia Gatina ukakuta sufuria ya aliyehama ikiwa bado na ugali! Wewe ndiye ulisahau kufagia kabla ya kuingia?

Nilicheka kwa sauti mpaka mteja akauliza kama nacheka picha yake. Nilifurahi, sijui nikuambieje. Tangu uondoke watu walikuwa wananipa malaika, na simjui huyo malaika. Pale kwenye faili nilikupata wewe mwenyewe, ukiwa na haraka zako. Nikaandika mistari michache ya kufagia memori kabla ya kitu kingine chochote kuanza. Kisha nikapika chai ambayo ulipaswa kupika wewe, nikainywa nikikusema vibaya.

Jumapili ya mwisho kabla Mama aende, nikarudi kwake. Mizigo ilikuwa imefungwa, imebaki meza na mashine. Akakaa, akavaa miwani, akabonyeza herufi moja. Ikakaa kwenye skrini. Akanitazama. Akabonyeza nyingine, na nyingine, kidole kimoja, mpaka akamaliza swali lake: umekula.

Akabonyeza kitufe cha kutuma, na Ploti ikajibu: Sijakushika. Sema tena polepole.

Nilikuwa nimesahau kabisa. Ndiyo sentensi uliyoweka ya kujibu neno lolote ambalo Ploti hailijui. Mama aliisoma kimya, kisha akaisoma kwa sauti, kisha akacheka akashika meza. "Ni yeye huyu. Hata kwa simu alikuwa ananijibu hivi hivi." Akapangusa miwani. Halafu akaandika tena, polepole, kama alivyoambiwa.

Mashine ameenda nayo Siaya. Nilimwambia naweza kuifundisha Ploti imjibu kwamba ndiyo, umekula, umeshiba. Alikataa. Alisema nisiweke maneno kwa mdomo wako.

Basi pumzika, Odhis. Faili zako nimeanza kuzipitia zote na zina makosa, we acha tu, na nakuahidi nitayarekebisha moja baada ya jingine bila huruma. Ile sentensi ndiyo sitaigusa. Mama anasema bado anakuuliza kila jioni, na bado hujamwambia kama umekula.

Rafiki yako,
Nekesa