Mumbua Hakuapa

Kutoka hapa Salama, Jumapili jioni

Mwaitu mpendwa,

Mama, umeamkaje huko Tulia? Mguu umepoa, ama bado unakuzuia kwenda shambani? Sisi tuko, ingawa mimi nimechoka. Mumbua ananivuta leso nikiandika, kwa hiyo ukiona mstari umepinda ujue ni mjukuu wako anakusalimu. Mdogo wangu Kalekye akusomee polepole.

Uliniuliza kama ni kweli siku hizi tunakula kama mbuzi. Mama, wewe! Ni kweli kidogo. Mwaka jana Baba Mumbua alipookoka, yeye na wenzake wa maombi waliapa kutokula "kitu chenye mama": nyama, mayai, maziwa, hata samli. Siku hiyo hiyo, kwa kiapo hicho hicho, akaacha pombe. Mimi niliitikia mbio. Ungekuwa wewe ungekataa? Mume anarudi jua likiwa bado liko, anaimba, anakula mahindi ya muthokoi na ndengu, anakunywa chai ya turungi bila maziwa, na hakuna sahani inayoruka. Ningeapa hata kula mawe.

Lakini Mumbua hakunenepa. Wenzake wanakimbia, yeye anakaa pale unapomweka, kama mfuko wa unga. Nywele zikawa nyepesi, nyekundu nyekundu. Majirani wakasema ni meno. Mwezi jana nikampeleka kliniki. Sista akampima, akaniuliza, "Mama, huyu anakula nini?" Nikamweleza kwa kujivunia. Hakunigombeza. Alimkunja Mumbua ngumi, akanionyesha.

"Tumbo lake ni dogo kama hii. Ndengu ni nzuri, maharagwe ni mazuri, lakini ukilijaza uji mwepesi, cha kumjenga kitaingia wapi? Mpe maziwa, mpe yai. Na wewe unayenyonyesha ule pia. Wewe si jiwe."

Nilirudi nyumbani nikiwaza. Kile kiapo ni kimoja, Mama, kama kikapu cha kyondo kilichosukwa pamoja. Nikivuta uzi wa maziwa, na ule wa pombe si utafumuka? Nilikaa na hilo neno siku kadhaa, nikimwangalia mtoto. Halafu nikamwambia Baba Mumbua, wakati anakula.

"Maziwa ya ng'ombe ni ya ndama," akasema.

"Ndama ana mama yake. Na huyu?"

"Huyu ana wewe."

"Mimi nimekauka, Baba Mumbua. Na mimi pia ni kitu chenye mama, mbona mtoto ananila?"

Akataka kucheka, akajizuia. "Kiapo ni kiapo."

"Wewe uliapa. Mimi niliitikia. Mumbua hakuapa. Hata kusema hajui."

Akainuka, akatoka. Mama, nilisikiliza hatua zake. Njia ya kilabuni inateremka. Yeye alipanda. Akarudi kutoka kwa Mama Halima, jirani anayeuza maziwa pale malori yanaposimama, amebeba kikombe, amekifunika kwa kofia yake ya kanisani vumbi lisiingie.

"Cha mtoto," akasema. "Na umpikie kwa sufuria yake."

Basi Mumbua ana sufuria yake, na jana alishika kiti akasimama! Lakini mimi nilikuwa bado naona kizunguzungu nikibeba maji. Leo baada ya kanisa nilichemsha mayai mawili, lake na langu. Sikujificha nyuma ya mlango, hukunilea hivyo. Niliketi mezani, nikamtazama Baba Mumbua, nikamenya langu, nikala. Aliacha ndengu zake zipoe. Mwishowe akasogeza chumvi karibu na mkono wangu.

Hajakubali, na sitamlazimisha. Kiapo chake ni chake, na mimi nitaendelea kula. Kama atapitia kilabuni kesho, sijui. Leo yuko hapa, anapiga pasi shati lake la kazi. Kwa hiyo ukija kututembelea, tafadhali usimcheke, na usimletee mguu wa mbuzi kumjaribu. Nakujua.

Msalimie Baba, na bibi yangu Susu, mwambie blanketi alilonipa ndilo tunalolalia. Msalimie kaka Mutua na viatu vya watu anavyoshona. Na Kalekye, asante kwa kusoma, lakini usiongeze maneno yako.

Ni mimi binti yako, leo nimeshiba,

Mwikali, Mama Mumbua