Malezi ya Mukono wa Kulthumu

Mwajuma, mujukuu wangu, muke wangu mudogo,

Nimeenda ku Lukafu na camion, ile lori ya dereva Sudi, kutafuta malezi, ile wimbi ya uji. Nitarudia kesho. Ufungulie kuku. Nkambo yako mwanamuke, Kulthumu, asibebe ndoo, hata akikugombeza. Ule mukono alivunja haujashikana bado.

Unajua ju ya nini nimetoka bila kunywa chai? Asubuhi Godefroid, ule jirani infirmier wa retraite, muuguzi mwenye alistaafu, amefika tena na uji wa malezi. Amevaa abacost, ile koti ya sherehe! Kuleta uji tu! Eti, «Mama Kulthumu, mifupa inapendaka silisi, ile madini. Iko mu muchanga, iko mu maganda ya malezi. Inasaidia zile kamba za ndani zenye kushika mifupa.»

Nikasema, «Basi tumupikie muchanga.»

Akacheka. Eti hata badocteur bakubwa bangali banatafuta kujua muzuri, lakini uji hauwezi kumuumiza. Kulthumu akamaliza sahani, akalamba na kijiko. Uji yangu ya muhogo ikapoa pale mezani.

Na siye bunga tunapitishaka mu tamisi, ile chekecheke, maganda tunapatia kuku! Njo maana kuku zetu zinaruka ukuta.

Malezi nikileta, tamisi hapana.

~~Godefroid akikuja, sema nkambo analala.~~

Akikuja, umufungulie, pengine iko na haki ju ya ile silisi. Lakini umukalishe ku kile kiti chenye muguu mubovu.

Ule mukono njo unaninyolaka ndevu tangu tulioana. Nataka upone. Lakini upone na uji yangu.

Nkambo yako mwanaume,
Asumani