Mwache Abweke

Lilongwe, 11 Machi 2001

Baba mpendwa,

Natumaini mgongo umetulia na cherehani inazunguka. Mimi ni mzima, ila nyumba hii ni kubwa na vyumba vingi havina mtu.

Nimepata kazi, na usicheke: kazi yangu ni mbwa. Madame Véronique ni mjane Mbelgiji, na alitafuta mtu anayejua Kifaransa kwa sababu Filou wake hasikii lugha nyingine. Ni terrier, mbwa wa kuwinda panya, mweupe mwenye sikio moja la kahawia. Angeenea chini ya cherehani yako, lakini usimdharau kwa kimo. Asipokimbia asubuhi na jioni, anakula viatu. Bustani nzima ameichimba. Ukimfokea anadhani mnacheza, kwa hiyo unaongea naye polepole na kumtafutia shughuli. Manyoya yake hayakatwi kwa mkasi, unayanyofoa kwa vidole, kidogo kidogo. Nakaa naye kwenye ngazi tukifanya hivyo, na kusema kweli siku nyingi ndiye pekee ninayezungumza naye.

Barua hii anaileta Mama Kankindi anayeuza dagaa hapa mjini, soko la Tsoka. Mpe jibu siku akirudi sokoni.

Binti yako,
Odette

Dzaleka, 15 Machi 2001

Mwanangu Odette,

Salamu kutoka kwenye vumbi letu la kambini. Mgongo unauma kwa adabu, siulalamikii. Wewe unakula vizuri?

Nimemsomea barua yako jirani yetu Nyandwi, akashika kichwa. "Mbwa iko na mutumishi? Na anasikia Kifaransa kuliko mi?" Amecheka mpaka kikohozi kikamshika. Mimi nilicheka pia, halafu alipoondoka nikarudi kwenye cherehani. Baba anaongea na cherehani, binti anaongea na mbwa. Tangu tutoke kwetu Fizi, Kongo, hatujawahi kukaa mbali hivi. Niandikie hata kama huna habari.

Baba yako,
Lwaboshi

Lilongwe, 22 Aprili 2001

Baba mpendwa,

Hujambo? Mimi ni mzima wa mwili, ila kuna jambo linanisumbua.

Juzi gari lilisimama getini ghafla na Filou akaanza kubweka. Sikufikiri kitu. Nilivua kitambaa changu cha kichwa, nikamfunga mdomo, nikajificha naye nyuma ya tangi la maji. Kumbe ni watu wa umeme. Madame alitukuta tumechuchumaa, mbwa anakoroma akitafuta hewa. Hakunifukuza. Alimfungua, akaniuliza taratibu ni nani aliyenifundisha hivyo. Nikasema sijui.

Baba, ni nani? Nilikuwa na miaka kumi na mitano tulipokimbia, na siku ile tulipovuka ziwa siikumbuki vizuri. Namkumbuka mbwa wetu Kapita tu, alivyotutoroka ufukweni kama ulivyonieleza. Napenda kuwaza kwamba kuna mtu alimchukua.

Binti yako,
Odette

Lilongwe, 10 Juni 2001

Baba mpendwa,

Habari za siku nyingi? Mama Kankindi anasema u mzima na unashona, lakini kila wiki anarudi mikono mitupu. Nimekukosea nini?

Madame anarudi Ubelgiji mwisho wa mwezi. Filou ana miaka kumi na miwili na moyo wake ni dhaifu, hawezi kupanda ndege. Hakuna anayemtaka. Asipopata mtu, tarehe 29 daktari wa wanyama atamchoma sindano asiamke tena. Mimi naenda Blantyre kwa rafiki yake Madame, na huko mbwa hawaruhusiwi. Baba, nakuomba akae kwako. Atakuchangamsha.

Binti yako,
Odette

Dzaleka, 14 Juni 2001

Mwanangu,

Salamu. Mimi ni mzima. Mbwa hapana. Utanisamehe.

Baba yako,
Lwaboshi

Lilongwe, 17 Juni 2001

Baba,

Shikamoo. Nimeelewa. Basi Kapita alikuwa na bahati, yeye alitoroka mwenyewe.

Odette

Dzaleka, 21 Juni 2001

Mwanangu Odette,

Salamu, na ukae chini kabla ya kusoma.

Kapita hakutoroka. Alfajiri ile ufukweni alibweka kila aliposikia kitu kwenye matete, na wanajeshi walikuwa karibu. Mwenye mtumbwi akasema, "Huyu mbwa hapandi. Atatuuwisha bote." Nilimfunga mdomo kwa kitambaa cha marehemu mama yako, mbele ya macho yako. Hata hivyo mtu yule alikataa. Nikakutuma ukakae mbele kwenye mtumbwi, nami nikamfunga Kapita kwenye mti asitufuate majini. Tulikuwa mbali ndipo nikakumbuka kwamba mdomo sikuufungua. Hakuweza kula wala kuita mtu. Nikakudanganya ametoroka, na nimekudanganya miaka mitatu.

Wewe uliniuliza ni nani aliyekufundisha. Ni mimi. Niliona haya, ndiyo maana sikuandika.

Mlete Filou. Njoo naye mwenyewe, tafadhali.

Baba yako,
Lwaboshi

Lilongwe, 28 Juni 2001

Filou yuko ndani ya kapu la Mama Kankindi. Akimbie kidogo asubuhi na jioni, si sana kwa ajili ya moyo. Mifupa ya kuku hapana. Ugali wa nsima kidogo na dagaa atakula. Masikio yapanguswe kwa kitambaa kikavu. Akishika kitu asichotakiwa sema "lâche", yaani achia, usimnyang'anye. Hapendi kulala peke yake. Usimfunge mdomo.

Odette

Dzaleka, 2 Septemba 2001

Mwanangu Odette,

Salamu nyingi. Habari za Blantyre, na baridi imepungua? Hii ni barua yangu ya tatu. Mbili za kwanza labda hazikufika. Labda zilifika. Mimi ni mzima.

Filou amechimba nyuma ya jiko la Nyandwi akatoa panya watatu, na sasa Nyandwi anamsalimia yeye kabla yangu. Manyoya nayanyofoa kwa vidole kama ulivyoniandikia. Analala miguuni pangu.

Jana lori la chakula lilipita na akaanza kubweka. Mikono yangu ilifika kwenye kitambaa kabla sijafikiri. Nilikuwa nimeshamshika mdomo, naye alinitazama tu, hakujitoa. Nikamwachia. Nikamwambia, "Bweka, muzee. Bweka tu." Alibweka mpaka lori likapotea, akaendelea mpaka sauti ikamkauka. Nilikaa naye mlangoni mpaka jioni, tukiangalia barabara.

Hakuna mtu aliyekuja.

Baba yako,
Lwaboshi