Mwezi Ambao Jun Hakunyoa

Jumapili, 15 Februari 2026

Stephania kaja kutoka kambini Dutwa. Kala, kalala, kaamka, kaoga. Ndipo kasema. Kuna mtu anataka kuja kujitambulisha. Nikauliza, ni Mhaya mwenzetu au tumeshapata Msukuma? Akaangalia dari.

Mchina!

Yaani nimemsomesha Kichina Dodoma apate kazi ya ukalimani. Kazi! Sikusema apate na mume humo humo. Chai ikapoa mbele yangu. Nikauliza, yupi sasa? Maana wako wengi hawa wanaotengeneza barabara, na mimi nawatofautisha kwa nywele tu, nisamehewe. Akasema ni mpima barabara, anaitwa Jun, yule mwenye nywele zinazoingia machoni.

Oho. Huyo namjua. Anapita hapa mjini na gari la kazi. Siku zote nilidhani ni mwimbaji aliyepotea njia.

Sijasema ndiyo, sijasema hapana. Nimesema nina kichwa kinauma.

Jumatatu, 16 Februari

Kesho ni mwaka mpya wao. Leo Wachina wamejaa kwa Method kinyozi, hapo ng'ambo ya barabara, mlango wake unatazamana na wangu. Kumbe kwao lazima uingie mwaka na kichwa kisafi. Jirani yangu Nyanjige kaja na kigoda na karanga, tukakaa barazani kama watu waliokata tiketi.

Nyanjige ana elimu yake. Anayenyoa kipara, huyo ni mfungwa, kaletwa amalizie kifungo barabarani. Kaapa kabisa! Nikamwambia mbona shuleni ninakofundisha vijana wote wana kipara, nao wafungwa? Akasema, akiniita mama kwa Kisukuma chake, "Mayu, waulize wenyewe." Anayenyoa pembeni akaacha za juu, huyo anajua kupigana, usimpite karibu. Anayevuta nywele tano kutoka sikio hili hadi lile afunike uwaraza, huyo ni bosi, ndiyo maana kioo cha gari lake hakishushwi hata jua liweje. Na wa nywele machoni? "Huyo ni wa kwenye tamthilia. Analia sana. Halafu ana mama mkali."

Sikumwambia huyo ndiye anayetaka kuja kwangu. Nimecheka mpaka karanga zikanipalia. Lakini hiyo ya mama mkali imenikaa.

Jun hakuonekana kwenye foleni. Stephania anasema mvua imemkwamisha huko Mwandoya na vipimo vyake. Mwaka utamkuta porini.

Jumatano, 18 Februari

Jumatano ya Majivu. Natoka kanisani na jivu langu kwenye paji la uso, nakuta Mchina dukani. Amenyoa, msafi. Nikasema afadhali nijikaze. "Jun, hujambo?" Akaniinamia, akatabasamu, akanibebea mfuko wa sukari mpaka kwenye bodaboda. Moyoni nikasema, angalau adabu anayo, japo kidogo amekomaa.

Nikampigia Stephania kumwambia nimeshamwona mchumba wake. Akasema: "Mama, Jun bado yuko Mwandoya. Huyo ni mpishi wetu. Ana wajukuu."

Sitaki kwenda dukani tena mpaka Pasaka.

Jumamosi, 28 Februari

Kaja. Siyo rasmi, eti "kusalimia tu".

Nywele jamani! Za mbele zinagusa pua, za pembeni zimemeza masikio, za nyuma zimekalia kola. Na mimi ndiye mwalimu wa nidhamu, kazi yangu ni kupita mstarini nikikagua vichwa vya vijana. Mkono ukaniwasha kutafuta mkasi. Nikamuuliza kwa upole kama kinyozi wao amesafiri. Stephania akadakia: mwezi wa kwanza wa kalenda yao hawanyoi, ni mila. Mila gani? Mila tu, mama.

Amekula michembe ya viazi na maziwa mgando, akaongeza. "Shikamoo" yake imenyooka kuliko ya watoto wa mtaa huu. Kiswahili chake kinachechemea, lakini kinafika. Kaniita mama tangu mlangoni. Nani kamruhusu?

Halafu Stephania kanionyesha picha ya zamani kwenye simu. Jun kijana mdogo, juu ya pikipiki, nywele njano kama kifaranga! Mwenyewe akawa mwekundu mpaka shingoni, akaikimbilia simu. Stephania anasema kwao kijana wa nywele njano ndiye anayeogopwa na wazazi wote. Hana kazi, hana mbele wala nyuma, kazi yake kutorosha mabinti wa watu. Mama akiiona njano mlangoni anafunga komeo. Nikasema, si peke yenu. Marehemu baba yake Stephania alikuja kwetu na nywele za kalikiti zinadondosha mafuta kwenye kola, na baba yangu akamwambia mama, ficha redio.

Tukacheka wote watatu. Alipoondoka ndipo nikakasirika, kwa sababu nimecheka.

Alhamisi, 5 Machi

Nimempigia kaka yangu Laurean, Bukoba. Upande wa marehemu hakuna mzee aliyebaki wa kukaa kikao, na Laurean ndiye aliyemlea Stephania kama wake. Neno lake ndilo neno. Nimemwambia aje Jumamosi ya tarehe 14 ampokee mgeni. Akauliza, wewe mwenyewe unasemaje? Nikasema mimi sina neno, wewe njoo tu.

Uongo mtupu. Ninalo! Nataka aje na ile sauti yake ya kuvuma, aseme hapana, ili mimi nisiseme. Stephania ni mmoja, sina mwingine. Barabara ikiisha Wachina wanafunga kambi, wanaondoka, na mke hufuata mume. Nitabaki na nani hapa Bariadi? Na Nyanjige na karanga zake. Nampenda Nyanjige, lakini.

Jumatatu, 9 Machi

Nyanjige kajua. Sijui nani kamwambia, mji huu hauna siri. Hakuniuliza kama nimekubali. Kauliza, "Mayu, atatoa ng'ombe au atatoa greda?"

Na elimu imebadilika. Eti sasa mwenye nywele ndefu ni mtu wa familia, anajulikana kabisa. Nikamuuliza na yule wa tamthilia anayelia? Akasema kulia si kosa, mwanaume anayelia hapigi mke. Nimemfukuza. Karudi na mboga.

Ijumaa, 13 Machi

Laurean kafika. Mkungu wa ndizi, kopo la senene, suti kwenye mfuko wa plastiki, na malalamiko. Bariadi jua limeshuka chini, basi halikuwa na hewa, presha imepanda, maji ya kumezea vidonge yako wapi. Hajakaa kitini, anauliza: "Huyo Mchina si mfungwa?"

Kumbe hata Bukoba!

Nikamwambia wanaosemwa ni walionyoa, wetu hajanyoa. Akaguna. Asiyenyoa ndiye mbaya zaidi, mwanaume mwenye nywele ndefu kuna jambo analificha. Yeye mwenyewe kichwa chake hakijaona unywele tangu niko sekondari. Nilimkaangia senene wake.

Jumamosi, 14 Machi

Naandika jikoni, kwenye kona ya meza, katikati ya maganda ya ndizi. Wenzangu wako uani. Niandike upesi kabla hawajaniita.

Asubuhi Nyanjige alikuwa ananisuka. Amefika nusu ya kichwa, honi! Mapema hivyo? Nikajifunga kanga kichwani nikatoka. Jun kavaa shati jeupe, pasi imepita mpaka kwenye soksi, mikononi katoni ya majani ya chai kaishika kama mtoto mchanga. Na manyunyu yamelowesha zile nywele, zimemganda usoni, waitu, kama mtu aliyeokolewa kisimani.

Laurean hakupokea katoni. Kasema hawezi kuzungumza habari za mtoto wa dada yake na mtu mwenye kiota kichwani. Kinyozi huyo hapo mbele. Anyolewe kwanza, kikao baadaye. Jun akasema, "Wiki ijayo, mjomba. Tafadhali." Laurean akasema leo. Jun akasema tena wiki ijayo, sauti imekuwa ndogo. "Mbishi!" kasema Laurean, akanigeukia: unaona?

Na mimi nikafurahi. Ndiyo, nikafurahi! Nikajua imekwisha, anamkataa, na si mimi niliyesema.

Lakini Jun akaweka katoni chini, akavuka barabara, akaketi kwenye kiti cha Method. Laurean nyuma yake, mikono kiunoni. Mimi nyuma ya Laurean. Nyanjige nyuma yangu na kitana chake. Stephania alikuwa uani anamenya ndizi, hajui kitu. Method akawasha mashine. Jun hakujitazama kwenye kioo hata kidogo. Alikuwa anamtazama Laurean humo kiooni, kwa huruma, kama unavyomtazama mgonjwa ambaye hajaambiwa. Nikashangaa. Anayenyolewa si wewe?

Mashine ikapita. Kutoka pajini mpaka utosini, njia moja nyeupe, imenyooka.

Ndipo Stephania kaja mbio, kisu cha ndizi mkononi. Simamisha! Mwezi haujaisha! Mwezi gani, Laurean kauliza. Basi ikamtoka yote. Kwao ukinyoa mwezi wa kwanza unamuua mjomba wako. Kaka wa mama yako, anakufa.

Laurean akacheka kile kicheko chake cha besi ya kwaya. Yeye ni Mkatoliki, mambo ya kishirikina hana. Kasema huyo mjomba wa China tutamwombea misa. Stephania akasema, "Hana mjomba China. Mama yake hana kaka, ana dada tu." Sasa tatizo liko wapi?

Jun akajibu mwenyewe, taratibu, anaokota neno moja moja. Tangu mtoto, kila mwaka ananyoa mwezi wa kwanza. Wenzake hawanyoi, yeye ananyoa. Wanamcheka. Hana mjomba wa kumhofia, basi ananyoa tu. Mwaka huu hakunyoa.

"Mwaka huu," akamwonyesha Laurean kwa mikono miwili, "mjomba ni huyu."

Mashine tu inanguruma hewani.

"ZIMA HIYO MASHINE!"

Laurean huyo! Method nusura aiangushe. Kaka yangu kashika kifua, kashika mlango, anaulizia vidonge. Kwa nini kijana hakusema mapema? Stephania akasema kwao hutaji kifo mbele ya mzee, ni matusi makubwa. Na mzee akiamuru, unatii. Sasa mstari mmoja unahesabika? Au mpaka kichwa kizima? Laurean anauliza huku jasho linamtoka, Mkatoliki wetu. Na Stephania, ana ulimi huyo, sijui kautoa kwa nani, akamwambia, "Tulia mjomba, haikuhusu. Wewe hujamkubali. Siyo mjomba wake."

"Nani kasema sijamkubali?"

Kasema! Mbele ya Nyanjige, mbele ya Method, mbele ya mteja mwenye povu kidevuni. Nyanjige akapiga vigelegele mpaka bodaboda zikasimama. Neno lake ndilo neno. Mimi nikasema naangalia ndizi, nikakimbilia huku.

Ndizi ziko sawa. Nimelia kidogo. Nimecheka pia, katikati ya kulia. Nilimwita Laurean aje aseme hapana, mzee mzima, na kijana hata hakubishana naye. Alikaa tu kitini akamsikitikia. Mtu aliyefuga nywele mwezi mzima kwa ajili ya kaka yangu, kabla kaka yangu hajamjua hata sura. Nitamchukiaje sasa? Nimejaribu hapa jikoni. Imeshindikana.

Huko uani Jun kakaa na barabara yake kichwani. Laurean kamvika kofia yake mwenyewe, halafu kamvua, anauangalia ule mstari, kamvika tena. Hataki kutoka kivulini. Wanampigia mama yake Jun kuuliza hukumu ya mstari mmoja. Mara ya kwanza alipatikana, akaona kichwa cha mwanawe, akapiga yowe, mtandao ukakatika hapo hapo, picha imeganda mdomo wazi. Laurean anasema lile yowe ni dalili mbaya. Nyanjige anamwambia ale kwanza, hakuna aliyewahi kufa ameshiba.

Stephania kaingia na simu. Imeshika. Anasema mama yake Jun atajibu, lakini kwanza anataka kumwona mama wa binti.

Mimi? Hivi? Upande mmoja nimesukwa, upande mwingine pori la Kimali! Nimesema ngoja nifunge kilemba. Anasema mama, mtandao. Mikono imejaa utomvu. Nikiishika simu hii nimemtoa mtoto wangu, najua hivyo, hakuna wa kuniambia. Nimesema nimalize mstari huu. Nimemuuliza jambo moja tu: mzazi mwenzangu, kwa Kichina mnasemaje?

Analia, huyu mwenye ulimi. Nami nangoja anifundishe, na yule mama kule kwenye kioo cha simu ameshaniona, anapunga mkono, anasema kitu, anasema tena —