Sayari Tuliyomwombea Ombati

Jumatatu, 2 Septemba 2019
Nimechuma chai mpaka mvua ikanifukuza. Mke wangu Kerubo hajala tangu jana. Binti yetu Kemunto kajifungua mvulana huko Ogembo, na wakwe wamempa jina la babu yao. Haki yao. Kwetu mtoto hupewa jina la marehemu, na marehemu wao ni wengi. Wetu ni mmoja. Mwana wetu Ombati. Pikipiki, kona ya Magwagwa, basi. Hakuoa. Hakuna wa kulibeba jina lake. Kerubo anasema sasa ndiyo amekufa kabisa.

Redio: wataalamu wa nyota wa dunia wameipa Kenya sayari iipe jina, na wananchi wapendekeze.

Jumatano, 4 Septemba
Nimesoma kwa simu. Jitu la gesi, moto kuliko tanuri la matofali. Hakuna pa kukanyaga. Linazunguka nyota yake kwa siku tatu, na huo ndio mwaka wake. Huko Ombati angezeeka kabla ya kujua pikipiki.

Nimemwambia Kerubo tutaomba liitwe Ombati. Ameitisha uji.

Ijumaa, 6 Septemba
Nyamira, kutuma ombi kwenye saiba, kibanda cha intaneti cha Atieno, msichana wa watu wa ziwani. Masharti yanakataza majina ya waliokufa juzijuzi. Nikamwambia aandike: Ombati, shujaa wa kale wa Wagusii.

"Baba Ombati, shujaa wa kale ndiye huyu alinibeba kwa pikipiki, na jezi yake nyekundu, mpaka Keroka?"

"Ndiye. Andika."

Akaandika, huku akipangusa macho. Mimi nilisoma kalenda ya ukutani. Yote.

Jumatano, 18 Desemba
Jina limetoka. Buru. Atieno alinipigia mwenyewe, sauti chini, utadhani yeye ndiye aliyekosa. Ni Kijaluo, maana yake vumbi. Nyota yake ni Kalausi, kisulisuli. Jina zuri. Nalichukia.

Kerubo hajui. Siku hizi anakunywa uji kila asubuhi.

Alhamisi, 19 Desemba
Jioni Kerubo ameuliza ya Ombati ni ipi. Sayari yenyewe haionekani hata kwa darubini. Nikanyoosha kidole magharibi, juu ya migomba, kwa Zuhura.

"Ile."

Akaitazama sana. Kisha akaita, kama anaita mtu aliye shambani:

"Ombati! Umekula?"

Baada ya miezi Zuhura itatoweka, irudi alfajiri. Nitamwambia kijana amehamia zamu ya asubuhi.

Amemaliza ugali. Nimekaa naye nje mpaka ikazama.